Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao wapi? Rybakina, Bedene, Osaka na wengine waliochagua bendera

Tarehe 9 Julai 2022, kwenye uwanja mkuu wa Wimbledon, fainali ya wanawake iliwakutanisha wachezaji wawili waliolijibu swali moja, la kuhama bendera au kubaki, kwa njia mbili. Ons Jabeur, nambari 2 duniani wakati huo, alitoka Tunisia na akabaki wa Tunisia. Elena Rybakina alizaliwa Moscow, akajifunza tenisi Moscow, na miaka minne kabla ya fainali ile akahamia Kazakhstan. Jabeur alichukua seti ya kwanza 6-3. Rybakina akajibu 6-2, 6-2, na hundi ya pauni milioni 2 ikaenda kwa aliyehama.

Ukiishia hapo utasema kuhama kunalipa. Ukimtazama Aljaz Bedene utasema kinyume chake, na ukimsikiliza Jelena Dokic huenda usitake kabisa mwanao aguse jambo hili. Nimewapanga hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mzazi au kocha mwenye kijana anayecheza vizuri na mwenye njia mbili: mtoto wa Mkenya aliyezaliwa Minnesota, mtoto wa Mtanzania anayesoma Uingereza, au kijana wa Nairobi aliyepigiwa simu na shirikisho la nchi ya mbali lenye hela. Wapo, na swali lao huwa moja: nikubali au nibaki?

Bendera inafanya kazi gani hasa

Kwanza tuondoe kitu kinachowachanganya watu waliozoea mpira wa miguu. Katika tenisi, sehemu kubwa ya mwaka mchezaji hachezei nchi yoyote. Anajilipia tiketi, anajitafutia kocha, anacheza kwa jina lake. Pointi za ATP na WTA, yaani vyama vinavyopanga viwango vya wanaume na vya wanawake, ni mali yake, na zawadi ya fedha haibadiliki kwa sababu ya pasipoti. Mtu anaweza kuwa kumi bora bila kuivaa jezi ya taifa hata mara moja.

Bendera inaanza kuhesabika mahali pachache, lakini penye uzito. Kuna mashindano ya timu za taifa, yaani Kombe la Davis kwa wanaume na Kombe la Billie Jean King kwa wanawake. Kuna Olimpiki, ambako nchi moja hairuhusiwi kupeleka zaidi ya wachezaji wanne wa mmoja mmoja kwa wanaume na wanne kwa wanawake. Kwa hiyo ukiwa wa tano katika nchi yenye foleni ndefu unabaki nyumbani, hata kama nchi nyingine ingekupokea kama malkia. Kisha kuna nafasi za mwaliko, yaani kuingia shindano hata kama cheo chako hakitoshi. Grand Slam zote nne, mashindano makubwa kuliko yote, zinachezwa Australia, Ufaransa, Uingereza na Marekani, na wenyeji huwapa nafasi hizo kwanza vijana wao. Mashirikisho ya Australia, Ufaransa na Marekani hata hubadilishana nafasi wao kwa wao. Mtu wa nchi ndogo anapitia mchujo, mechi tatu kabla ya kuonekana kwenye televisheni.

Kuna pia jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya hulisahau kwa sababu haliwagusi: viza. Mchezaji wa tenisi anavuka mipaka kila wiki, na mara nyingi hajui Jumatatu atakuwa wapi mpaka amalize kushinda au kushindwa Ijumaa. Yeyote aliyewahi kusubiri miadi ya ubalozi Dar es Salaam au Nairobi anajua maana ya kuambiwa arudi baada ya wiki tatu. Kwa kijana wetu pasipoti inaweza kuwa na faida kubwa kuliko bendera yenyewe.

La mwisho ni fedha ya shirikisho, na hapo ndipo Rybakina anapoingia.

Rybakina: aliyehama akiwa hana deni

Alikuwa ametimiza miaka 19 tu mwaka 2018, akiwa nje ya wachezaji 150 bora duniani. Baba yake alikuwa akifikiria njia ya uhakika zaidi, yaani aende chuo kikuu Marekani kwa ufadhili wa michezo. Urusi ilikuwa imejaa wasichana wazuri, na msichana wa cheo chake hakuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusaidiwa. Kazakhstan ilikuwa kinyume kabisa: fedha nyingi, viwanja vipya, wachezaji wachache. Tangu mfanyabiashara Bulat Utemuratov alipochukua uongozi wa shirikisho mwaka 2007, mkakati ulikuwa wazi. Walijenga viwanja na kufundisha watoto wao, na wakati watoto wanakua wakawachukua Warusi vijana ambao Moscow haikuwa na haja nao: Andrey Golubev, Mikhail Kukushkin, Yaroslava Shvedova, kisha Yulia Putintseva na Alexander Bublik.

Rybakina alipata kile alichokikosa: kocha wa kusafiri naye, safari zilizolipiwa, na watu waliomwambia wanamwamini. Kwa mchezaji wa nafasi ya 170 hivi, hilo ndilo linaloamua kama utacheza mashindano 25 kwa mwaka au utacheza yale yaliyo karibu na kwenu. Baada ya miaka minne akawa bingwa wa Wimbledon, na kwenye hotuba yake uwanjani alimshukuru rais wa shirikisho kwa jina. Sioni unafiki hapo. Aliyelipa alitajwa.

Tazama lakini ankara iliyokuja pamoja na kombe. Mwaka ule Wimbledon ilikuwa imewafungia Warusi na Wabelarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, na ATP na WTA zikajibu kwa kuondoa pointi za mashindano hayo. Hivyo Rybakina alishinda Grand Slam bila kupata pointi hata moja, akabaki nje ya kumi bora. Wakati huohuo Shamil Tarpischev, rais wa shirikisho la Urusi, hakusita kumtaja kama zao la shule ya tenisi ya Urusi. Waandishi nao walimuuliza tena na tena kama anaishi Moscow, kama anajihisi Mrusi. Baada ya pointi ya mwisho alikuwa amevuta pumzi tu na kutembea kuelekea wavuni kana kwamba ameshinda raundi ya pili. Lakini kwenye mkutano na waandishi alipoulizwa wazazi wake watalipokeaje kombe hilo, machozi yakamtoka. Hawakuwepo Wimbledon.

Anayehama asidhani nchi ya kwanza itamsahau. Ikiwa hukufika popote haitakukumbuka, ikiwa umeshinda itakudai.

Kitu kimoja kilimwokoa Rybakina ambacho hakikuandikwa sana: hakuwahi kuichezea timu ya wakubwa ya Urusi. Alihama akiwa msafi. Kazakhstan ikamweka kwenye timu ya taifa, na kwenye Olimpiki ya Tokyo akamaliza wa nne. Shikilia hilo tunapokwenda kwa Bedene.

Bedene: aliyechelewa kwa miezi mitatu

Aljaz Bedene ni Mslovenia aliyehamia Uingereza mwaka 2008 akiwa kijana. Aliishi Hertfordshire, akafanyia mazoezi Welwyn Garden City, akazoea, akaomba uraia. Hapakuwa na hila yoyote. Pasipoti ya Uingereza ilitoka Machi 2015, na kwa siku chache magazeti ya London yalimpigia makofi mchezaji wa pili wa nchi nyuma ya Andy Murray.

Tatizo lilikuwa mechi tatu. Kati ya 2010 na 2012 Slovenia ilimtumia kwenye Kombe la Davis katika mechi za kukamilisha ratiba, zile zinazochezwa wakati mshindi keshajulikana na nusu ya watazamaji wameshaondoka. Zamani hilo lisingemzuia, maana mchezaji aliweza kuhamia timu nyingine baada ya kusubiri miaka mitatu. Lakini Januari 2015 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, lilianza kutumia kanuni mpya: ukishaiwakilisha nchi moja, huwakilishi nyingine. Uraia wa Bedene ulifika wakati kanuni ina miezi mitatu hivi.

Alikata rufaa, akashindwa mwaka 2016. Wakati huo Uingereza ilikuwa imeshatwaa Kombe la Davis, Novemba 2015 mjini Ghent, kwa mara ya kwanza tangu 1936. Nafasi ya mchezaji wa pili kwenye fainali ile alipewa Kyle Edmund, aliyekuwa hajawahi kuichezea timu ya taifa, huku Bedene akiwa na pasipoti ileile na hana ruhusa ya kukanyaga uwanja. Mwishoni mwa 2017 akatangaza kurudi Slovenia, akitaja hamu ya kucheza Olimpiki. Februari 2018 alifika nafasi ya 43, ya juu kabisa maishani mwake. Kwa maneno mengine bendera haikumwongezea wala kumpunguzia uwezo. Ilimlia tu miaka mitatu ya rufaa na maswali.

Kwa hiyo Rybakina na Bedene hawatofautiani kwa kipaji cha kuchagua nchi. Mmoja alikuwa na karatasi safi, mwingine alikuwa na mechi tatu ambazo hakuna anayezikumbuka isipokuwa mwanasheria wa ITF. Kocha wa taifa akimwita kijana wako akajaze nafasi kwenye mechi isiyo na maana, na bado hamjaamua, mwambie kijana asubiri. Ni ushauri usiopendeza kizalendo, najua.

Olimpiki ina mlango wake. Kanuni ya kawaida ni kusubiri miaka mitatu tangu ulipoiwakilisha nchi ya kwanza, isipokuwa nchi hiyo ikubali kulegeza. Wasomaji wa Kenya hawahitaji mfano wa tenisi. Stephen Cherono alipogeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar mwaka 2003, alishinda dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Paris wiki chache baadaye mbele ya Ezekiel Kemboi. Kenya ikakataa kulegeza. Athens 2004 Wakenya wakachukua dhahabu, fedha na shaba bila yeye, na siku chache baada ya michezo kufungwa akaweka rekodi ya dunia Brussels, dakika 7 sekunde 53.63. Alikuwa mkimbiaji bora wa mbio hizo duniani, na medali ya Olimpiki hakuwahi kuipata.

Osaka: aliyechagua kabla hajahama

Naomi Osaka huwekwa kwenye kundi hili kimakosa. Hakuhama; alianza moja kwa moja. Mama Mjapani, baba wa Haiti, familia ikahamia Marekani yeye akiwa na miaka mitatu. Alikulia New York na Florida, lakini wazazi walimwandikisha Japani mapema. Shirikisho la Marekani halikuonyesha hamu kubwa naye utotoni, na mama yake amewahi kueleza kwamba fedha haikuwa sababu. Hata kama haikuwa sababu, ilikuja. Mwaka 2020 jarida la Forbes lilimkadiria mapato ya dola milioni 37.4 kwa miezi 12, na wadhamini kama Nissin na Nissan walikuwa na sababu za wazi za kumtaka Mjapani bingwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Marekani angekuwa nyota mmoja kati ya wengi. Japani alikuwa peke yake, na ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki Julai 2021.

Wakati huo sheria ya Japani ilimtaka mwenye uraia wa nchi mbili achague kabla ya kutimiza miaka 22. Osaka alichagua Japani Oktoba 2019, siku chache kabla ya kutimiza umri huo. Mzazi wa Kitanzania aisome habari hii mara mbili, maana sheria ya kwetu nayo hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima: mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anafika miaka 18 na kutakiwa kuchagua. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, kwa hiyo familia ya Kikenya ina muda wa kupumua ambao ya Kitanzania haina. Na miaka 18 katika tenisi ni umri mbaya wa kuamua. Bado hujui kama utakuwa wa 80 au wa 800.

Waingereza wana toleo lao la njia hii. Cameron Norrie alitoka New Zealand akiwa kijana, Johanna Konta alitoka Australia na kupata uraia 2012, na Greg Rusedski wa Kanada alihama 1995 akazomewa alikotoka, kisha 1997 akafika fainali ya US Open. Konta alifika nafasi ya 4 duniani mwaka 2017. Kwa wote watatu kulikuwa na kitu cha kweli upande wa pili, ama wazazi, ama makazi, ama vyote. Hiyo husaidia watazamaji wanapoanza kuuliza wewe ni nani.

Dokic: nani aliyechagua?

Hapa ulinganisho unabadilika, kwa sababu tunaacha kuuliza nchi ipi ni bora. Jelena Dokic alizaliwa Osijek, mji ulioko Croatia ya leo, akahamia Australia na familia mwaka 1994. Akiwa na miaka 16 alipita mchujo wa Wimbledon 1999 na kumchapa Martina Hingis, nambari 1 duniani, 6-2, 6-0 kwenye raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata aliiwakilisha Australia kwenye Olimpiki ya Sydney akamaliza wa nne. Kisha Januari 2001 baba yake, Damir, akadai ratiba ya Australian Open imechezewa, na binti akatangazwa kuwa mchezaji wa Yugoslavia. Akapangwa na Lindsay Davenport, akaingia uwanja uleule uliokuwa ukimshangilia, akazomewa. Alikuwa na miaka 17.

Ukiangalia namba tu, uhamisho ule "ulifanikiwa": Agosti 2002 alifika nafasi ya 4 duniani. Lakini baadaye, katika kitabu chake cha 2017, alisimulia vipigo na mateso kutoka kwa baba, na kwamba uamuzi wa bendera haukuwa wake. Alirudi Australia 2005, na 2009, kwa nafasi ya mwaliko, akafika robo fainali Melbourne mbele ya watu walewale, safari hii wakimshangilia.

Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, jiulize kwa uaminifu nani anayetaka kuhama. Ikiwa ni wewe uliyekosana na kocha wa taifa, huo ni ugomvi wako. Mtoto ndiye atakayesimama katikati ya uwanja.

Martina Navratilova wa Czechoslovakia simlinganishi na mtu. Alipoomba hifadhi New York Septemba 1975, akiwa na miaka 18, hakuwa akitafuta udhamini. Alikuwa akikimbia serikali iliyoamua lini asafiri na lini asisafiri. Alikaa karibu miaka minne bila kumwona mama yake. Aliporudi Prague 1986 akiichezea Marekani, mtangazaji wa uwanja alikwepa kulitaja jina lake, lakini watu wakamshangilia. Daria Kasatkina, aliyeacha Urusi na kuwa wa Australia Machi 2025 baada ya kupinga vita na kusema wazi kwamba mpenzi wake ni mwanamke, yuko karibu na njia hiyo kuliko ya Rybakina. Mtu wa namna hii hahitaji jedwali la faida na hasara.

Na waliobaki?

Jabeur alikulia Tunisia, akaingia shule ya michezo ya Tunis akiwa na miaka 12, akaenda kufanya mazoezi Ubelgiji na Ufaransa akiwa na 16, lakini bendera haikubadilika. Alifika fainali tatu za Grand Slam, akapoteza zote. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika hapo katika enzi ya kisasa ya tenisi, yaani tangu 1968, na umaarufu wake Tunisia na nchi za Kiarabu usingepatikana chini ya bendera ya Ufaransa. Soko lake lilikuwa kwao.

Angella Okutoyi ni mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya vijana kwa wachezaji wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Chuo kinatoa kile kile ambacho Kazakhstan ilimpa Rybakina: kocha, viwanja, chakula, mashindano, na juu yake shahada. Hakidai bendera. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye miaka 17 na cheo kizuri cha vijana, mimi ningeanza na chuo. Bendera inaweza kusubiri, mradi kijana asiwe ameingizwa kwenye timu ya wakubwa bila kufikiri.

Ningeshauri kuhama mapema kwa mtoto aliyekulia huko tayari, mwenye pasipoti ya kule mkononi, kama Osaka au Norrie. Asiye na pasipoti aangalie muda: Ajla Tomljanovic alitangaza kuhamia Australia 2014 na uraia ukatoka 2018. Na anayeitwa na shirikisho tajiri asilolijua, kama Rybakina, akubali ikiwa tu nyumbani hakuna chuo, hakuna ruzuku na hakuna anayepokea simu.

Huyo wa mwisho adai maandishi. Fedha ni ya miaka mingapi, na je, inaendelea akiumia bega akashuka hadi nafasi ya 400? Kocha ni chaguo la nani? Ni mechi ngapi za timu ya taifa kwa mwaka, na zikigongana na mashindano yenye pointi nyingi, kipi kinatangulia? Wazazi wanapata viza ya kuja kumtazama? Akitaka kuondoka, anarudisha nini? Kanuni za ITF na za kamati ya Olimpiki zisomwe za mwaka huohuo, zile za mwaka jana zisitegemewe, na mwanasheria awe wa familia, asiwe yule aliyeletwa na shirikisho.